Pembe Kwenye Kioo cha Kijani

Kwako Tata, baba wa mume wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, na hata ulipokuwa hai uliitikia kwa kukohoa tu, maana mkamwana na baba mkwe hawana mazungumzo marefu. Miaka yote tuliyofanya kazi chumba kimoja, nadhani mbuzi wangu alisikia maneno mengi kutoka kwangu kuliko wewe. Leo nataka kusema yote. Nimechoka kuyabeba, na mtu aliyechoka hapangi maneno vizuri, kwa hiyo nivumilie.

Wewe ulikuwa fundi wa redio za upepo, zile za kuitana bila waya, pale karakana ya wilaya, Tarime. Redio za zahanati, za maghala ya pamba, za askari wa wanyama kule Serengeti, zote zikinyamaza zililetwa kwako zimefungwa kwenye gunia. Kazi ulijifunza jeshini enzi za mkoloni, ukarudi na suruali mbili na bisibisi saba, ndivyo ulivyopenda kuwasimulia wageni. Mimi niliajiriwa mhudumu. Kazi yangu ilikuwa kufagia, kupika chai, na kuandika kwenye daftari redio iliyoingia na iliyotoka, kwa sababu nilikuwa nimemaliza darasa la saba na mwandiko wangu unasomeka. Mwanao Marwa alikuwa dereva wa chama cha ushirika, wiki mbili barabarani, siku moja nyumbani. Kwa hiyo tulibaki mimi na wewe, na Mwita mgongoni kwangu ananyonya vidole, na ensoni katikati yetu.

Wasio Wakurya niwaeleze, maana barua hii itasomwa na wengine. Ensoni ni aibu na heshima zikiwa kitu kimoja. Mke wa mwana hamtaji baba mkwe kwa jina, hampi mkono, hakalii kiti chake, wala hamtazami usoni. Chai yako niliiweka kwenye stuli, nikarudi nyuma hatua tatu, ndipo ukaja kuichukua. Wageni kutoka mikoa mingine walikuwa wananong'ona, "Hawa wamegombana?" Hatukugombana hata siku moja. Ndivyo tulivyolelewa, basi.

Ile mashine uliipenda kuliko ng'ombe. Oskiloskopu, ulilitamka jina lake polepole kama unamkaribisha mkuu wa mkoa. Lilikuwa sanduku zito la kijivu lenye kioo cha duara mbele, na kwenye kioo mstari wa kijani uliochora umeme jinsi ulivyo. Ukigusa redio kwa waya wake wa kupimia, unaona umeme wa sauti ukipanda na kushuka, na fundi anajua ugonjwa uko wapi bila kubahatisha. Wilaya nzima ilikuwa moja tu. Mwita alipoifikia kwa mkono siku moja, ulikohoa kwa nguvu mpaka mtoto akalia.

Balaa lilianza na redio ya zahanati ya Mbalibali. Mganga wa pale aliileta mwenyewe juu ya lori, vumbi mpaka kwenye kope. Alituambia mama mmoja alishikwa na uchungu siku mbili, wao wakaita gari, redio ikawa inakoroma tu kama mlevi. Mama alipona. Mtoto hakupona. Yule mganga hakulaumu mtu, alikunywa chai yake akasema, "Mzee, itengenezeni upesi. Kuna wengine watatu wanakaribia kujifungua."

Uliifungua, ukaipima, kioo kikaonyesha mchoro mbaya. Ukabadilisha kapasita mbili ulizozing'oa kwenye redio iliyokufa, maana vipuri vipya vilikuwa hadithi tu. Mchoro ukabaki mbaya. Ukafungua tena, na tena. Siku ya nne nilikuwa nafagia nyuma yako, wewe ukazungusha ile swichi kubwa kituo kimoja, na mdomo wangu ukaponyoka.

"Tata, pembe zimeondoka."

"Pembe gani?"

"Pale kwenye kioo. Zilikuwepo mbili, kama za fahali. Ulipozungusha zimeondoka."

Ulikaa chini. Halafu ukauambia ukuta, maana ndivyo ulivyozoea kuzungumza nami, kwamba umeme uleule hauwezi kuwa na pembe kituo hiki na kukosa kituo kile. Redio ya watu ilikuwa haina kosa pale tulipoikata na kuiunga siku nne. Iliyokuwa inasema uongo ni mashine yetu.

Ukaniambia, yaani ukauambia ukuta, mlango wa mashine ulivyo. Pale waya wa kupimia unapoingilia, mashine inashika umeme kidogo kabla ya kuuonyesha, kama kibuyu kinavyobaki na maziwa kwenye kuta zake hata ukimimina. Kushika huko mafundi wanakuita kapasitansi. Ile swichi ina vituo vingi, vya umeme mdogo na vya umeme mkubwa, na mlango unatakiwa ushike kiasi kilekile kwenye kila kituo. Kimoja kikishika zaidi au pungufu, umeme ulionyooka utauona umepinda. Kwa joto na mitikisiko ya miaka, vyetu vilikuwa vimeachana, kila kimoja na lake.

Tuliandika mkoani kuomba mwongozo. Jibu lilipokuja ulisema miwani umeisahau nyumbani, nikakusomea. Mkaguzi atakuja mwisho wa mwezi. Akikuta mashine haifai ataondoka nayo, na akikuta fundi hawezi tena kazi, fundi atapumzishwa. Uliniomba nisome tena hapo kwenye kupumzishwa. Ukasema, "Haya. Tutaisawazisha wenyewe kabla hajafika."

Dizeli ya jenereta ilikuwa ya saa mbili kwa siku, na katika hizo nusu saa ilikwisha kwa kungoja mashine ipate moto. Uliondoa bati la ubavuni, na ndani nikaona skrubu ndogo ndogo, mbili kwa kila kituo, zimejipanga kama vifungo vya kanzu ya padri. Ukaunganisha kisanduku kinachotoa umeme wa mraba, ule unaopanda wima, unasimama, unashuka wima. Ulianza na kituo cha kwanza, ukausawazisha waya wa kupimia wenyewe mpaka mchoro ukanyooka, halafu ukakataza mtu asiuguse tena ule waya. Vituo vingine vyote vilitakiwa kukifuata kile cha kwanza.

Bisibisi ya chuma haikufaa. Mkono wa mtu nao unashika umeme, na chuma kinaupeleka mkono mpaka kwenye skrubu. Unanyoosha mchoro vizuri, ukiondoa mkono unapinda tena. Kwa hiyo ulichonga bisibisi ya pembe ya ng'ombe, ukaisugua kwa mchanga siku nzima. Zungusha kidogo, toa mkono, rudi nyuma, ndipo uulize. Siku ya kwanza ya kuitumia ulisema, "Kumbe hata mashine hii ina ensoni," ukacheka. Loo! Sikuwahi kukusikia ukicheka kabla ya hapo. Nilicheka nami, nimejiziba mdomo kwa kanga.

Tulikuwa na maneno matatu tu. Kona za mchoro zikichomoza juu, nilisema "pembe." Kona zikianguka kwa uvivu, nilisema "mabega." Mchoro ukinyooka juu kama ubao, nilisema "meza." Wewe unazungusha, unatoa mkono, unarudi nyuma, mimi niko mlangoni hatua zangu tatu.

"Sasa?"

"Pembe."

"Sasa?"

"Pembe, lakini ndama."

"Sasa?"

"Mabega, Tata. Umepitiliza."

Nilidhani unanifundisha kazi, kwa hiyo unaniuliza kama mwalimu anavyouliza. Nilijivuna hata kwa majirani. Mpaka siku ya pili, fyuzi ya mashine ilipoungua. Jenereta lilikuwa bado linanguruma nje, lakini kioo kilizima, kikawa cheusi ti. Wewe ulikuwa umeinama mbele yake, uso karibu kabisa na kioo. Ukazungusha skrubu, ukatoa mkono, ukarudi nyuma.

"Sasa?"

Uliuliza mara ya pili. Ndipo nikasema, "Kioo kimepumzika, Tata." Ulisimama pale mkono umeshika meza. Ukasema, "Basi umejua," ukaenda kutafuta fyuzi kwa kupapasa, na mimi nilitoka nje kujifanya nachambua mchele.

Nani angekuona mapema? Mama, mkeo, alikwisha kufa, Marwa yuko barabarani, na wateja walikutazama mikono, si macho. Mimi niliyeshinda nawe kutwa miaka minne ndiye niliyekatazwa kutazama uso wako. Mtu yeyote wa kabila lingine angeona ule weupe kwenye mboni zako asubuhi moja tu akiwa anakupa kikombe. Mimi nilijua viatu vyako, nilijua mgongo wako na kisogo chako. Macho yako sikuyajua. Hospitali ingekufaa mwanzoni, na mwanzoni hakukuwa na wa kukuambia nenda.

Siku ya tatu tulimaliza. Vituo vyote vilikuwa meza. Ukaurudisha mfuniko, na kwa sababu bati nalo linabadilisha mchoro kidogo, tukapima tena, tukarekebisha tena. Redio ya Mbalibali tuliipima upya, ikaonekana ugonjwa wake ni waya uliokatika ndani ya kipaza sauti, kitu cha nusu saa. Ulikaa ukasema na ukuta, "Mkaguzi akija nitafanya nini? Mgeni akiwepo mkamwana haropoki." Kisha ukasema tena, polepole, "Lakini mama akizungumza na mtoto wake mgongoni, mgeni gani atashangaa?"

Nilielewa. Tukafanya mazoezi. "Lala Mwita, usiogope pembe." "Mwita, teremsha mabega." "Mwanangu, twende mezani tukale." Ulikuwa unatingisha kichwa, umeridhika kama mtu aliyeuza ndume vizuri mnadani.

Mkaguzi alifika Alhamisi. Kijana mpole, suti ya Kaunda imepigwa pasi, ana kisanduku chake mwenyewe cha kupimia. Alikusalimu shikamoo kwa kuinama. Alipima kituo baada ya kituo, mchoro umenyooka kila mahali, akapiga mluzi. "Mzee, hata mkoani hatuna iliyosawazishwa hivi." Nilikuwa mlangoni na Mwita mgongoni. Niliona mabega yako yakishuka kwa nafuu.

Halafu akasema, kwa nia njema tu, "Skrubu hii moja nimeikoroga makusudi, mzee. Hebu irekebishe nione mkono wako unavyokwenda."

Ulichukua bisibisi ya pembe. Ukaipata skrubu kwa kidole, hapo hukuhitaji macho. Ukazungusha, ukatoa mkono, ukarudi nyuma. Ukangoja.

Sikusema kitu.

Ukazungusha tena, ukatoa mkono, ukageuza sikio la kushoto kidogo kuelekea mlangoni. Mwita alikuwa amelala. Kioo nilikiona vizuri kabisa, pembe zimesimama. Ukazungusha tena, pembe zikarefuka. Mara ya nne ulikaa ukingoja mpaka mkaguzi akaangalia saa yake. Ndipo ukasema, "Tayari."

Yule kijana alitazama kioo, akadhani unatania. Akakutazama usoni, kwa karibu, kama mtu anavyomtazama mwenzake. Akasema kwa sauti ya chini, "Mzee, macho haya tangu lini?"

Hakukudhalilisha, Mungu ambariki. Alikupeleka hospitali ya wamisionari kwa gari lake mwenyewe. Daktari akasema mmechelewa, jicho moja limekwisha na la pili halina muda. Barua ya kupumzishwa ilikuja na maneno mazuri ya shukrani kwa utumishi wako katika ujenzi wa taifa, nami ndiye niliyekusomea. Yule kijana alipouliza nani hasa aliisawazisha mashine, ulijibu, "Mkono wangu, macho ya mkamwana." Ndivyo nilivyopewa kazi yako. Kiti chako nilikisogeza ukutani. Nilifanya kazi nimekaa kwenye stuli ya chai mpaka nilipostaafu, na mgongo wangu unanikumbusha kila mvua zikianza.

Ukarudi kijijini Genkuru kwa ndugu zako, ukawa unakaa mbele ya boma na fimbo. Na huko ukaanza kunisifu. Watu walikuambia, "Mkamwana wako amekuponza, si angesema?" Ukawajibu, wote walinisimulia, "Hapana. Mbele ya mgeni hakufungua mdomo. Alikubali tupoteze kazi kuliko kunivunjia heshima. Mmemwona wapi wa namna hiyo?" Ulisema hivyo kwenye vikao, ulisema kwenye misiba. Ulimwambia Marwa asije akanipiga hata siku moja, kwa sababu amepewa mke na Mungu mwenyewe. Marwa hakunipiga. Sikukanusha. Nilikuletea sukari nikiipata, nikaiweka chini, nikarudi nyuma hatua tatu, na wewe ukanibariki.

Sasa na mimi ni bibi. Mwita wa mgongoni ana mvi. Juma lililopita mwanawe alioa, na wanawake wakamkalisha bibi harusi mkekani kumfunda. Mmoja akaninyooshea kidole. "Unamwona bibi huyu? Huyu ndiye wa kuiga." Akasimulia yote, mashine, mkaguzi, kimya changu, vilevile ulivyokuwa ukisimulia wewe. Yule binti akanitazama kama anatazama picha ya mtakatifu. Akauliza, "Bibi, hukuumia?" Nikasema niliumia. Wakapiga vigelegele. Mimi nilibaki natazama mkeka, Tata, na nikajiona nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, kwa sababu yule mtoto atakwenda kuishi maisha yake akiiga kitu ambacho hakikuwepo.

Sikunyamaza kwa heshima.

Wiki ile Mwita alikuwa na homa, sikuwa nimelala siku tatu. Alfajiri ya Alhamisi nilikwenda kisimani, nikatoka nikapanga foleni ya sabuni kwenye duka la kijiji, sabuni ikaisha wakiwa wamebaki watu wawili mbele yangu, nikapitia zamu yangu ya palizi kwenye shamba la ujamaa, ndipo nikaja kazini. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza amepata usingizi. Ulipozungusha mara ya kwanza, maneno yalikuwa mdomoni, tayari kabisa: lala Mwita, usiogope pembe. Na nikafikiri, nikisema leo, nitasema kesho. Nitasema mwaka ujao. Huyu mzee hataacha kazi maadamu mdomo wangu unafanya kazi, na mimi nitakuwa macho yake na miguu ya watoto wake na punda wa nyumba yake mpaka nizikwe. Nikafunga mdomo. Si kwamba mdomo ulinishinda, Tata. Niliamua.

Wewe ulikuwa umenipa mgongo, na mgongo sikukatazwa kuutazama. Niliutazama ukinisubiri. Niliona shati lilivyolowa jasho katikati, na sikio lako likigeuka kuja kwangu, mara ya pili, ya tatu, ya nne. Ulikuwa na hakika nitasema. Mpaka ulipotamka "tayari" ulikuwa bado unanipa nafasi, na mimi nilikaa kimya, nikisikia nafuu kama mtu aliyetua ndoo.

Zile sifa zako zichukue, Tata. Nimeziishi mno, na hazikuwa zangu. Pumzika huko uliko.

Ni mimi mkamwana wako,
Mama Mwita